Kijana wangu ataka nibane chuma, niachane na vidonge vya presha

Shangazi, assalamu alaykum.

Mie ni mama wa miaka 51, naishi Majengo hapa Mombasa, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nakanda unga, nakata, natia karai motoni, na kukipambazuka wateja washafika na sahani zao. Kazi hii niliianza kijana wangu mkubwa angali mgongoni, na leo yeye mwenyewe ana mke na mtoto.

Mwaka juzi nilikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Nesi akanivisha ule mkanda wa presha, akapima, akanyamaza, akapima tena. Mie sikuwa naumwa kichwa wala kuhisi kizunguzungu. Nikaambiwa nina presha ya kupanda na nikaandikiwa amlodipini ya miligramu 10, kidonge kimoja kila siku. Miezi ya mwanzo nilimeza bila kuruka. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Jioni ndara hazinitoshi, na nikibonyeza kifundoni kwa kidole, shimo labaki pale pale. Jirani akanambia dawa hiyo ni kali, niikate nusu. Nikaikata, na uvimbe ukapungua kweli. Lakini presha nayo imerudi kupanda. Wiki iliyopita ilisoma 156 kwa 96. Na magoti hayajapona. Nikizidiwa namtuma mtoto kemisti aniletee diklofenaki, hasa nikipata oda za harusi, maana siku hizo nasimama sana.

Sasa, yule kijana wangu anafanya kazi bandarini. Juzi kaniletea chuma cha kubana kwa mkono, kile chenye springi na vishikio viwili ambacho vijana wa jimu hukibana kukuza misuli. Kimeandikwa kilo 40. Akanambia amesoma kwamba kubana kwa mkono kunashusha presha kuliko hata kukimbia, na kwamba nikikibana kila siku nitaweza kuachana na vidonge kabisa. Nikajaribu. Nakikunja kwa shida, mkono watetemeka, naziba pumzi, uso wote wawaka moto. Mume wangu aliponiona akakichukua akakitia kabatini, akasema nitajipasua mshipa bure. Tangu siku hiyo baba na mwana hawasemezani vizuri, kila mmoja asema ndiye anionayo huruma zaidi.

Mie nimo katikati. Naogopa, kwa sababu dada yangu wa Likoni alipatwa na kiharusi mwaka jana, na mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki hata kijiko. Yeye naye kasikia habari za chuma hiki, ataka nimpelekee.

Nieleze, Shangazi. Jambo hili ni la kweli au ni maneno ya kwenye simu? Na kama kubana kwashusha presha, mbona mie niliyekanda unga maisha yangu yote presha ilinipata? Naweza kuacha dawa? Na kati ya hawa wawili, nimsikilize nani?

Mama Mahamri, Majengo

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na lililonitia wasiwasi hasa si chuma. Ni mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: kidonge ulichokikata nusu, na diklofenaki. Nitafika huko. Lakini kwanza nikutoe shaka kuhusu kijana wako, maana naona nyumba imeanza kuchemka kwa jambo ambalo yeye na babake wote wawili wameshika kipande cha ukweli.

Zoezi hili ni la kweli. Miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa Marekani, Ronald Wiley, alikuwa akitafuta njia ya kuwasaidia marubani wa ndege za kivita za F-16 wasizimie angani. Ndege ile ikikata kona kwa kasi, damu yote hukimbilia chini na kichwa kinabaki kikavu. Rubani akikaza misuli, presha hupanda kwa muda na kumweka macho. Wiley akaona jambo ambalo hakulitafuta. Watu waliozoea kukaza na kushikilia, presha yao wakiwa wamepumzika ilikuwa ikishuka wiki baada ya wiki. Mwaka 1992 akachapisha majaribio yake: watu walibana kifaa kwa asilimia 30 tu ya nguvu zao, dakika 2 kwa kila mbano, mara 4, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Namba ya juu, ile inayotajwa kwanza ukipimwa, ilishuka kwa zaidi ya 12. Walikuwa watu wachache, na ilionekana pia kwamba mtu akiacha zoezi, baada ya wiki chache presha hurudi ilipokuwa.

Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi. Mwongozo wa presha wa Marekani wa mwaka 2017 uliliweka zoezi hili miongoni mwa mambo ya kufanya pamoja na kutembea na kupunguza chumvi, na ulitarajia lishushe namba ya juu kwa takriban 5 kwa mwenye presha. Halafu mwaka 2023 jarida la Uingereza, British Journal of Sports Medicine, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 270 yenye watu karibu 16,000. Humo mazoezi ya kukaza na kushikilia yalishusha presha kwa takriban 8 kwa 4, wakati kutembea kwa kasi, kukimbia na baiskeli yalishusha kama 4 na nusu kwa 2 na nusu. Bila shaka hilo ndilo alilolisoma kijana wako.

Kuna mawili huenda hakuyasoma, au aliyesimulia hakuyaandika. La kwanza, zoezi lililoongoza katika uchambuzi ule kwa namba ya juu halikuwa la mkono. Lilikuwa la kuegemea ukuta na kuchuchumaa nusu kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisichoonekana, na wewe kwa magoti yako hilo sikuruhusu. La pili linakugusa zaidi, kwa sababu wewe tayari uko kwenye dawa. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliwachukua watu wanaomeza dawa za presha, wakawafundisha kubana kwa mkono. Waliofanya chini ya usimamizi presha yao ilishuka. Waliojifanyia wenyewe nyumbani haikushuka. Sikwambii haya ili ukate tamaa. Nakwambia kwa sababu zoezi hili lina masharti yake, na mtu akilifanya kwa kubahatisha anaweza kubana mwaka mzima asipate chochote.

Sasa swali lako la unga, ambalo nimelipenda kuliko yote. Mikono ya mama anayekanda unga wa mahamri kila alfajiri ina nguvu ambazo vijana wengi hawana. Lakini angalia vile unavyokanda: unasukuma, unalegeza, unakunja, unasukuma tena. Msuli hukazika kwa sekunde moja kisha ukaachia, na damu inapita wakati wote. Katika zoezi hili msuli hukazwa na kuachwa vile vile bila kulegezwa kwa dakika 2 kamili. Mishipa midogo ya mkononi inabanwa, damu inapita kwa shida, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Ukiachia, damu inaingia kwa mkupuo, na ngozi ya ndani ya mishipa hujibu kwa kutoa oksidi ya nitriki, ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa. Ukirudia hivyo kwa wiki nyingi, mishipa hujifunza kulegea kwa wepesi zaidi, na neva zinazoikaza mwilini hupungua ukali. Hayo ndiyo maelezo ambayo wataalamu wengi wanayaegemea. Kukanda unga ni kazi ya halali na ina faida zake, ila haikushikilii mbano hata dakika moja.

Na kwamba hukuhisi chochote siku uliyopimwa, hilo ni kawaida ya ugonjwa huu. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na wengi walioletwa wodini na kiharusi familia zao zilikuwa zikisema neno moja: hakuwa akiumwa.

Kwa hiyo dawa huachi. Tazama hesabu yenyewe. Umesoma 156 kwa 96 ukiwa kwenye nusu dozi. Zoezi likikupa ile 5 inayotarajiwa, utafika 151. Likikupa hata 8, uko 148. Bado ni juu. Tano si kitu cha kudharau, maana uchambuzi mkubwa wa mwaka 2021 kuhusu dawa za presha ulionyesha kwamba kila namba ya juu inaposhuka kwa 5, mashambulizi makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa kama asilimia 10. Lakini 5 hiyo inaongezwa juu ya dawa. Ukiitoa dawa ili uweke zoezi, umetoka kapa.

Miguu kuvimba nayo haikuwa siri kwa daktari. Amlodipini inajulikana kwa hilo, na inavimbisha zaidi kwenye miligramu 10 kuliko kwenye 5. Inapanua mishipa midogo, maji yanachuruzika na kukaa kifundoni, hasa kwa mtu anayesimama mbele ya karai tangu alfajiri. Huenda daktari mwenyewe angekupunguzia iwe nusu kama ulivyofanya, lakini angekuongezea dawa ya pili ya aina nyingine, kama losatani au enalapri, ambayo inashusha presha na pia hupunguza uvimbe huo. Jirani yako alikupa nusu ya matibabu. Usirudi kwenye kidonge kizima kwa amri yangu wala usibaki kwenye nusu kwa amri yake. Nenda wiki hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali Kuu ya Pwani ikiwa ndiko unakotibiwa, useme wazi: nilikata dawa nusu kwa sababu ya miguu, na presha imepanda. Hakuna atakayekufukuza. Na waitazame miguu yenyewe, wapime na mkojo na damu, maana uvimbe unaweza pia kutoka kwenye figo au moyo, na hilo halijulikani kwa kutazama ndara tu.

Diklofenaki ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Hiyo dawa, na ndugu yake ibuprofeni, huufanya mwili ushike chumvi na maji, na presha inapanda. Kwa mtu kama wewe inaongeza pia hatari ya shambulizi la moyo na kiharusi. Na ukija kuongezewa ile losatani au enalapri, pamoja na dawa ya kukojoza maji, kisha ukachanganya na diklofenaki, figo ndizo zitakazolipa. Kemisti haulizi una presha au huna. Mtoto anatumwa na pesa anarudi na vidonge. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba huku unabana chuma ili ushushe 5, na huku siku za oda za harusi unameza kitu kinachoirudisha juu. Mwambie daktari kuhusu magoti siku hiyo hiyo. Yapo mengine: paracetamoli, diklofenaki ya kupaka ambayo huingia kidogo sana kwenye damu, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ambayo watu wa fiziotherapi watakufundisha. Na jikoni tafuta stuli ndefu. Kukata mahamri na kuyageuza si lazima usimame.

Baada ya hayo, ndiyo, fanya zoezi. Nakuhimiza ulifanye, kwa sababu magoti yako hayakuruhusu kutembea sana, na hili linafanywa ukiwa umekaa. Lakini si kwa chuma kile.

Sikiliza kwa nini. Nguvu inayotakiwa ni asilimia 30 ya uwezo wako. Tuseme mkono wako ukikaza mpaka mwisho unatoa kilo 30. Asilimia 30 yake ni kilo 9. Chuma cha kilo 40 hukikunji ila kwa kutumia nguvu zote na zaidi, ndiyo maana ulitetemeka na ukaziba pumzi. Mumeo alichokiona kilikuwa hatari kweli: mtu akikaza kwa nguvu zote huku ameziba pumzi, presha yake papo hapo inaruka juu sana. Hapo baba watoto alikuwa na haki ya kukitia kabatini, na kikae huko.

Vipo vifaa vya kielektroni vinavyopima nguvu ya mkono na kukuonyesha asilimia 30 yako kwenye kioo. Ndivyo vinavyotumika katika utafiti. Kijana wako akiweza kukipata, kinaondoa kubahatisha, na hapo ndipo pesa yake ingekwenda vizuri. Asipoweza, chukua mpira laini wa kukamata mkononi au taulo dogo la uso, likunje liwe mviringo wa kujaa kiganja. Kaza mpaka mwisho mara moja, ujue nguvu zako zote zinahisije. Pumzika kidogo. Kisha kaza kama theluthi yake. Ukiwa sawa, nusu dakika ya kwanza itaonekana ni mchezo. Dakika ya pili kiganja na mkono wa chini vitaanza kuwaka, lakini hutatetemeka na utaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Ukiona umeshindwa kabla ya dakika 2, ulikaza mno. Ukimaliza zote 4 bila kuhisi chochote, ulikaza kidogo mno.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza. Vua pete. Simu iwe mbele yako ikihesabu: mkono wa kulia dakika 2, pumzika dakika 1, wa kushoto dakika 2, pumzika dakika 1, kisha rudia. Zote ni dakika 11. Fanya siku 3 kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na usingoje matokeo kabla ya wiki 8. Wakati mzuri kwako naona ni baada ya Asri, karai limeshapoa na miguu imeshapumzika, wala si alfajiri ukiwa na haraka ya unga.

Pumzi ndiyo sharti kubwa. Usiizibe hata kidogo. Njia nyepesi ni kusema kitu kwa sauti muda wote unaobana. Leta istighfari au hesabu namba, mdomo ukisema pumzi haizibiki. Na mwambie mumeo akae karibu akutazame uso na kukushikia saa. Wale wa Brazil waliofanikiwa walikuwa na msimamizi, na wewe unaye nyumbani. Akikuona umenyamaza au umekunja uso, akwambie ulegeze.

Kuna siku za kutofanya. Presha ikisoma 180 namba ya juu au 110 namba ya chini, au zaidi, usibane; hilo ni la kwenda hospitali. Ukipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, au kusema kwa kukwama, usipime tena wala kungoja kupambazuke, ukimbizwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia, mshipa mkubwa uliotanuka, au jicho lililoharibiwa na kisukari, asianze bila ruhusa ya daktari wake. Na nikuulize wewe mwenyewe: usiku huwa unaamka vidole vimekufa ganzi, hasa gumba na vile viwili vya jirani yake? Wakandaji wa unga hupata sana tatizo la neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ndiyo, mwambie daktari kabla ya kuanza, maana kubana kutalizidisha.

Ili ujue kama linakusaidia, pima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono haina uhakika. Nenda haja ndogo kwanza, usiwe umetoka kunywa kahawa tungu, kaa kimya dakika 5 ukiwa umeegemea, mkono ulingane na moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7, uandike zote kwenye daftari, hata zile usizozipenda. Usipime mara tu baada ya kubana. Siku ya kwanza iache, zingine zitafutie wastani. Nyumbani tunataka wastani uwe chini ya 135 kwa 85. Fanya hivyo kabla ya kuanza zoezi na urudie baada ya wiki 8, na daftari hilo umpelekee daktari. Ikitokea zoezi na dawa kwa pamoja vimekushusha sana hata unaona kizunguzungu ukisimama, yeye ndiye atakayepunguza kidonge.

Kuhusu chakula nitasema moja tu, kwa vile hukuniuliza. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote. Ng'onda na achari peke yake vinaweza kuimaliza. Mbaazi zako zitie chumvi kidogo, ukoleze kwa nazi nzito na ndimu. Wateja wako wengi nao wana presha na hawajui.

Kijana wako na babake waite pamoja uwasomee barua hii. Kijana alileta habari ya kweli na akaikosea dozi, baba aliona hatari ya kweli na akadhani ni ya zoezi zima. Sasa mmoja atafute kifaa kinachofaa na mwenzake ashike saa.

Dada yako wa Likoni usimpelekee chuma wala mpira kwa ajili ya kushusha presha. Ni mwaka jana tu tangu kiharusi, na presha hupanda wakati mtu anabana. Hilo liamuliwe na daktari anayemtibu, baada ya kuona presha yake imetulia kwa dawa. Mkono wake wa kulia una mazoezi yake mengine, ya kuurudisha kushika kijiko na kikombe, na hayo hufundishwa na mtu wa fiziotherapi kwa kuugusa na kuutazama. Kama aliacha kliniki kwa sababu ya usumbufu wa kuvuka feri, msindikize mara ya kwanza, na dawa zake zote mzitie kwenye mfuko mmoja mwende nazo, za hospitali na za kemisti.